Sifuri za Sapiwi

Mdogo wangu Milembe hajui kucheka kidogo. Akicheka ndani ya mgahawa wangu, pale jirani na stendi ya Bariadi, wapiga debe wa mabasi ya Mwanza hunyamaza wamsikilize, na wapiga debe si watu wa kunyamaza. Kwa hiyo siku aliponipigia simu kutoka chuoni akanisalimia kwa sauti ya mtu aliye kanisani, niliepua sufuria ya maharage, nikakaa chini.

Ila huko nitafika. Kwanza mmjue.

Milembe ni karani. Miaka mingi amekuwa katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa mjini, anapokea marobota, anaandika, anagonga muhuri. Kazi hiyo aliipata baada ya kidato cha nne. Akaolewa, akazaa wawili, akafiwa na mume, na katika umri ambao wenzake wanaanza kuulizia wakwe, yeye akaanza kuulizia chuo. Akasoma kidato cha sita masomo ya jioni. Akafeli. Akasoma tena, akafaulu, akachaguliwa kusoma uchumi katika chuo kimoja Mwanza. Bosi wake akampa ruhusa ya miaka mitatu, akamwambia waziwazi kwamba wa nne haupo: asiporudi na shahada, kiti chake kitakaliwa na mwingine. Watoto akaniachia mimi, akapanda basi na begi la mwanawe la shule mgongoni. Nilimtania kwamba wenzake wakimuuliza aseme amemleta mtoto.

Walimuuliza kweli. Siku ya kwanza katika maabara ya kompyuta kijana mmoja alisimama akampisha kiti, akamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Milembe akaitikia marahaba, akaketi nyuma. Baadaye mwalimu mwenyewe alipoingia, darasa lote likageuka kumtazama yule "mwalimu" wa nyuma, naye akacheka kicheko chake, na tangu siku hiyo wakamwita Ticha. Mimi ningekasirika. Yeye alijivunia.

Kilichomtesa hakikuwa vijana, kilikuwa Stata. Kwa asiyeijua, na mimi nilikuwa simo katika wanaoijua, Stata ni programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu. Unaipa habari za watu, kila mtu mstari wake na kila jambo safu yake, halafu unaiamuru ikuambie jambo lipi linakwenda na lipi. Tatizo ni kwamba amri unaziandika mwenyewe, na programu haina ucheshi. Ukikosea herufi moja inakujibu kwa wino mwekundu. Ukiweka nafasi pasipotakiwa, wino mwekundu. Milembe, ambaye amezoea kuzungumza kwa mikono na kwa mabega, alinilalamikia kwenye simu kila Jumamosi.

"Dada Kabula, hii kitu ni kama baba mkwe. Huwezi kuipitia karibu. Huwezi kuitania. Mpaka uchague neno."

"Basi piga magoti," nikamwambia.

"Nimeshapiga. Inasema hainifahamu."

Lakini huyu ni mtoto wa Masunga. Baba yetu Masunga aliongoza kikundi cha kulima kwa ngoma huko Sapiwi tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia, na hatukulelewa kuacha shamba katikati. Likizo ya kwanza Milembe alikuja na laptopu ya kukodi, akaiweka kwenye meza yangu ya kona, kati ya chupa ya pilipili na kopo la vijiti vya meno, akaanza kuwaandika wateja wangu. Nani anakula ugali, nani wali, nani anakuja na nani, mvua ikinyesha inakuwaje. Wateja walipenda. Madereva wa bodaboda walikuwa wakiingia wanajitangaza: "Ticha, andika, leo ni samaki!" Baada ya majuma kadhaa akanipa matokeo kwa uso wa daktari: siku za mvua watu wanaagiza zaidi uji na chapati. Nikamwambia kwamba hilo nalijua tangu nilipofungua mgahawa, wala sikuhitaji umeme. Akacheka mpaka akamwagia kompyuta chai kidogo, kisha akaacha kucheka, akaifuta kwa kanga yangu mpya.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi anaandika utafiti wake. Milembe akachagua nguvu kazi katika mashamba ya pamba ya Sapiwi. Alitaka kujua ni nini hasa kinachomfanya mkulima apate pamba nyingi: mbegu, mbolea, ng'ombe wa kulimia, au watu wa kufanya kazi. Mwalimu wake, Dokta Marcelo, mtu mpole kutoka upande wa Bukoba, alilipenda wazo. Basi likizo ndefu Milembe akaingia Sapiwi na madodoso yake, nyumba kwa nyumba, na mimi siku moja nikamsindikiza kwa sababu nilikuwa nakwenda kuwasalimia wazazi. Nilimwona akimhoji baba yetu kana kwamba hawajawahi kuonana, akianza na salamu ya Kisukuma ya asubuhi.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka, ng'wanone. Wewe si umelala hapahapa?"

"Baba, jibu tu. Msimu uliopita mlilipa vibarua shilingi ngapi?"

Mzee akajinyoosha kwenye kiti. "Vibarua? Mimi Masunga? Sifuri."

Alilitamka kwa fahari, kama mtu anayesema hajawahi kulazwa hospitalini. Milembe akaandika sifuri. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maji, na sikuona kosa lolote.

Sasa turudi kwenye ile simu.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, palizi imepamba moto vijijini. Milembe alikuwa amemaliza kuingiza kaya zote kwenye kompyuta, ameandika amri zake vizuri, hakuna wino mwekundu hata mmoja. Akabonyeza. Stata ikatoa jedwali safi kabisa, na juu yake ujumbe mfupi: safu ya vibarua imeachwa nje ya hesabu. Akarudia. Ikaachwa tena. Akafungua ile safu aone kuna nini ndani yake, akakuta sifuri tupu kutoka juu hadi chini. Kijiji kizima hakuna aliyelipa mtu. Na kitu ambacho ni kilekile kwa kila mtu, programu haiwezi kusema kinabadilisha nini, kwa hiyo inakiweka kando bila hata pole.

"Utafiti wangu ni wa watu wa kazi," aliniambia kwa ile sauti ya kanisani. "Na watu wa kazi hawamo."

"Dokta anasemaje?"

"Anasema kama hakuna aliyelipwa, basi familia zilijilimia zenyewe. Niandike hivyo. Au nitafute mada nyingine."

"Si uandike hivyo?"

"Nitaandika nini, dada? Swali lilikuwa hilo. Likifa, sina utafiti. Na uwasilishaji ni mwezi wa tatu. Nisipowasilisha narudia mwaka, na mwaka wa kurudia mimi sina."

Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuogopa kiti cha kiwandani, viti vipo. Niliogopa kwamba mdogo wangu angerudi Bariadi akiwa mtu wa kucheka kidogo.

Siku chache baadaye simu ikaita tena, na kabla sijasema haloo nikasikia kicheko. Kilikuwa kirefu, chenye machozi ndani yake. Nikajua amepata kitu au amechanganyikiwa.

Alikuwa amefuata ushauri wa Dokta. Alichukua pamba ya kila kaya akaigawa kwa idadi ya watu wazima wa kaya hiyo, ili aone nani hodari wa kazi. Kisha akaiamuru Stata iwapange, wa kwanza mpaka wa mwisho. Na aliyetokea juu kabisa, mkulima hodari kuliko wote wa Sapiwi, mtu aliyepalilia, kunyunyizia dawa na kuvuna shamba kubwa peke yake bila msaada wa mtu yeyote, alikuwa Mama Generoza.

Nami nikacheka mpaka wateja wakageuka. Mama Generoza ni mjane. Anaishi peke yake jirani na kwetu, nyonga yake imeharibika tangu zamani, akitoka nyumbani kwake kwenda kanisani jumuiya inampitia na baiskeli. Akiinama kuokota kijiko anaiomba radhi nyonga kwanza. Na kompyuta ilikuwa imemtawaza.

"Haiwezi kuwa familia ilijilimia," Milembe akasema alipopata pumzi. "Mama Generoza hana familia. Kuna watu waliingia lile shamba, dada. Mimi ndiye sikuwaona. Nakuja."

Muhula ulipofungwa akaja. Nikamwachia mgahawa binti yangu Joyness, nikaenda naye, kwanza kwa sababu nilitaka kuona mwisho wake, na pili kwa sababu nilisikia kwamba siku hiyohiyo kikundi kilikuwa kinapalilia kwa Mama Generoza, na mimi chakula cha shughuli sijawahi kukikataa.

Tulifika jua likiwa bado la upole. Wamejipanga mstari mmoja, wanaume kwa wanawake, majembe juu, ngoma nyuma yao, na mbele yao Luhaga anarudi kinyumenyume huku akiimbisha. Luhaga ndiye aliyeshika nafasi ya baba yetu. Ni mtu mwembamba, mweusi, mwenye meno mengi, na jembe mkononi mwake linazunguka hewani na kurudi bila yeye kulitazama. Majembe yakashuka pamoja, yakainuka pamoja, na magugu yakabaki nyuma yao yamelala kifudifudi. Milembe alivua viatu vya chuo, akaomba jembe, akaingia kwenye mstari. Mstari wa kwanza aliwachelewesha. Wa pili akawashika. Wa tatu alikuwa anacheza mabega kama vile hajawahi kuona kompyuta maishani, na Mama Generoza, aliyekaa kwenye kigoda kivulini akichambua mboga, alipiga vigelegele mpaka akajishika nyonga.

Mchana tukala. Kulikuwa na ugali wa mtama, mbuzi, mlenda na togwa, maana mama huyu pombe hapiki. Watu wakiwa wametulia, Milembe akafungua mkoba, akatoa dodoso lake, akamgeukia Luhaga kwa adabu zote.

"Kaka Luhaga, naomba kuuliza. Kwa kazi ya leo mmelipwa nini?"

Kelele zikakatika. Luhaga akaweka tonge chini. Sikuwahi kumwona amekasirika, na sura yake haikufanywa kwa hasira, kwa hiyo ilimkaa vibaya.

"Tumelipwa? Sisi ni vibarua wa Mama Generoza?"

"Namaanisha huyu mbuzi..."

"Huyu mbuzi ni chakula. Wewe ukija kwangu nikikupa ugali, nimekulipa? Kesho tukienda kwako kulima, tutakuwa tunakudai? Milembe, wewe mtoto wa Masunga! Baba yako akisikia umetuita vibarua, atakuchapa na uchumi wako."

Watu wakacheka, lakini nusunusu. Milembe aliinamisha kichwa. Kisha nikaona macho yake yanatembea: kwa Luhaga, kwa sufuria, kwa shamba lililopaliliwa, kwa dodoso. Na akajishika mdomo.

"Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana kila mtu alisema sifuri. Swali langu lilikuwa tusi."

Luhaga, ambaye hawezi kukaa na hasira mpaka togwa iishe, akarudia ucheshi wake haraka. Akamwambia kama anataka kujua kazi za msimu uliopita asiulize nani alilipa, asikilize tu. Akagonga ngoma kwa viganja, na wenzake wakaitikia. Hapa kwetu mwimbishaji hutunga wimbo kwa kila shamba wanalolima, na wimbo huo humsema mwenye shamba alivyowapokea. Waliimba kwa Kisukuma, ninyi nawapa kwa Kiswahili. Kwa Bujiku, waliimba, mbuzi alikuwa na masikio makubwa kuliko mapaja. Tulikuja wengi kama kumbikumbi, mifupa ikatutosha wachache. Bujiku mwenyewe alikuwepo, amekaa upande wa pili wa sufuria, akaruka.

"Mbuzi yule alikuwa mkubwa! Ninyi ndio mlikuwa wengi!"

"Wangapi?" Milembe akadakia, kalamu hewani.

"Wote hawa, na wa ng'ambo ya mto pia! Siku mbili!"

"Siku moja na asubuhi," mwanamke mmoja akamrekebisha, na mabishano yakaanza, na Milembe anaandika huku akitabasamu mpaka sikioni.

Wakaendelea, shamba kwa shamba. Ikafika zamu ya kwetu. Kwa Masunga, waliimba, tulikula mpaka jembe likawa zito, lakini binti yake wa mjini, Kabula, ametia chumvi ya mwaka mzima kwenye sufuria moja. Nikasimama. Nikawaambia chumvi ile ilikuwa sawasawa, na kwamba mtu anayelima juani anahitaji chumvi, muulizeni daktari yeyote. Hakuna aliyenisikia, walikuwa wamelaliana kwa vicheko. Nikamgeukia mdogo wangu anitetee.

Milembe hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Dada. Siku ile kwa baba. Wewe ulipika."

"Nilipika, na chumvi ilikuwa—"

"Na mimi nilikula. Nilikuwepo likizo, nikala ile nyama, nikawaona wote hawa shambani kwetu. Halafu nikakaa mbele ya baba nikaandika sifuri." Akapiga paja. "Na sikuona kosa! Mtu wa Dar angekosea, ningesema hajui. Mimi nimekosea kwa sababu najua. Kwetu huwa hatuwahesabu wenzetu."

Hapo akacheka. Kile kicheko chenyewe, cha kunyamazisha stendi. Nilifurahi sana kukisikia, hata nikasamehe ile chumvi.

Kilichofuata kilikuwa kazi, na ilikuwa kazi ya furaha kuliko zote nilizomwona akifanya. Akaandika dodoso jipya. Lile neno la vibarua akalifuta. Akaweka: siku ya kulima walikuja watu wangapi? Walilima mpaka jua liko wapi? Mlichinja nini, mlipika nini? Na wewe ulikwenda kwa nani? Kisha akazunguka kijiji chote upya. Alikuwa anafika mlangoni anasalimia kwa Kisukuma na kusema, "Mwadila, mayu. Wameimba kwamba kwako kulikuwa na mlenda mtupu," na mwenye nyumba anatoka mbio kujitetea. Watu ambao mwanzo walimjibu kwa neno mojamoja sasa walimleta jirani kuwa shahidi, walimwonyesha ngozi ya mbuzi, walimchorea shamba mchangani. Bujiku alimfuata mpaka barabarani kuongeza watu aliowasahau. Aliporudi Bariadi jioni viatu vilikuwa vyekundu kwa vumbi na mkoba umejaa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, aliyopewa, na wanawe walimgombania, au niseme waligombania michembe.

Aliyaingiza majibu kwenye kompyuta palepale kwenye meza yangu ya kona. Asubuhi moja ya Jumatatu, mgahawa umejaa, akaandika amri yake ya mwisho. Niliona mkono wake umesimama juu ya kitufe. Joyness alikuwa na sahani nne mikononi, akasimama naye. Milembe akabonyeza.

Safu haikuachwa. Ilikuwa pale, katikati ya jedwali, kwa jina alilolichagua mwenyewe: wenzetu. Pembeni ya namba yake kulikuwa na nyota tatu.

"Nyota za nini?" nikauliza. "Hoteli?"

"Maana yake si bahati nasibu, dada. Maana yake ni kweli." Alikuwa anabubujikwa na machozi juu ya bakuli la supu la mtu. "Mbegu ina nyota moja. Ng'ombe wa kulimia wana mbili. Wenzetu wana tatu."

Dereva wa bodaboda aliyekuwa mwenye supu akasema hongera, Ticha, na akaomba supu nyingine isiyo na machozi. Nikampa bure.

Lakini kompyuta kukubali si chuo kukubali. Dokta Marcelo alifurahi, alimwambia wazi kwamba alikuwa amemshauri haraka mno na kwamba amejifunza kitu, ila akamwonya: katika jopo kutakuwa na Dokta Lucy, mtahini wa kutoka nje, naye hacheki na mtu. Tayari alikuwa amemrudisha mwanafunzi mmoja mwaka mzima kwa safu moja isiyo na maelezo. Siku ya uwasilishaji nikafunga mgahawa. Nilipanda basi na kapu la wali, kuku na maembe, nikamkuta Milembe kwenye korido amevaa suti ya kijivu ya kuazima, midomo imekauka. Sikuruhusiwa kuingia. Nikasimama nje chini ya dirisha lililo wazi, juu ya tofali, kidevu changu kikafika sawasawa kwenye kizingiti.

Alianza vibaya. Sauti ilikuwa ndogo, mikono imebana mwili. Alipofika kwenye jedwali Dokta Lucy akamsimamisha.

"Awali ripoti yako ilisema sifuri kwa kaya zote. Sasa safu hiyohiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Nikuamini kwa nini? Labda umepika takwimu."

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye tofali. Dokta Marcelo alifungua mdomo, yule mama akamnyooshea kidole anyamaze. Nikamtazama mdogo wangu mgongoni. Nikaona mabega yanalegea, kisha mikono inatoka mahali pake.

"Sifuri zile ni za kweli, mama," akasema. "Ni majibu ya kweli ya swali baya. Hata kaya ya wazazi wangu niliijaza sifuri mwenyewe, na nyama ya siku ile nilikula." Mtu mmoja kwenye jopo akaguna kwa kicheko. Milembe akaendelea, na sasa alikuwa anazungumza kwa mikono na mabega. Akaonyesha maswali yote mawili, la zamani na jipya. Akaonyesha jinsi kila mwenye shamba alivyotaja waliokuja, na waliokuja walivyotaja walikokwenda, na jinsi majibu ya pande mbili yalivyokutana. Akamwonyesha Mama Generoza, wa kwanza katika jedwali la zamani. Akaiamuru Stata mbele yao, bila kosa la herufi, iwahesabu waliolima kwake, na Mama Generoza akashuka taratibu mpaka katikati, mahali pa watu wote. Chumba kizima kikacheka isipokuwa Dokta Lucy.

"Ukiwaondoa hawa?" akauliza.

Milembe akawaondoa. Namba zikabadilika ukutani. "Nikiwaondoa, mama, mjane huyu hana pamba. Na wazee wengi hawana. Kompyuta bado itanipa jedwali, tena safi. Litakuwa jedwali la watu ambao hawapo."

Dokta Lucy akafunua kurasa za mwisho za ripoti.

"Swali la mwisho," Dokta Lucy akasema. "Ukirudi kijijini na ukaruhusiwa kuuliza swali moja tu, utauliza nini?"

Nilitamani kumpigia kelele jibu, ila sikuwa nalo.

"Sitauliza ulilipa nini," akasema Milembe. "Wala walikuja wangapi. Nitauliza nani alikuja."

Dokta Lucy aliinamia karatasi yake. Kisha akaandika kitu, akavua miwani, na nikaona kwamba macho yake yalikuwa ya mtu ambaye na yeye ana kijiji chake. "Umefaulu," akasema. "Hongera sana."

Sijui vigelegele vilinitoka vipi. Najua tofali liliteleza, nikashika kizingiti, na kapu likaanguka na kuku. Ndani watu wote wakageuka dirishani kuona kichwa cha mwanamke kinapiga kelele.

"Huyo ni nani?" akauliza Dokta Lucy.

Na Milembe, akilia na kucheka kwa sauti ile ya kunyamazisha stendi, akaninyooshea mkono.

"Ni dada yangu, mama," akasema. "Amekuja."